Walivyomtetea Fikirini

1

Maneno yaliyoivunja nyumba ya Ambakisye Mwambene yalisemwa Ijumaa jioni, nchi nzima ikitazama, na kiumbe asiyekuwa na mwili.

Walikuwa wanarusha kipindi chao cha upelelezi moja kwa moja kama kila Ijumaa. Ukumbi wa studio, pale mtaa wa Forest jijini Mbeya, ulipangwa uonekane kama ofisi ya upelelezi: meza moja, makabati ya chuma, dirisha lisilofunguka. Ambakisye alikuwa amevaa sare ya Sajenti Kombo, ambayo kwa miaka aliyoivaa ilikuwa imeshika umbo la kitambi chake. Mbele yake alisimama rafiki yake wa kwenye kipindi, Mpelelezi Fikirini, mrefu, koti jeusi, shingo imepinda kidogo kama mtu anayesikiliza chumba cha pili.

Fikirini alikuwa mwanga mtupu. Ukinyoosha mkono umshike bega, vidole vinapita. Lakini alifikiri mwenyewe na kujibu mwenyewe. Waandishi walimpa kisa tu, nani ameuawa na ushahidi uko wapi. Maneno yalikuwa yake.

Jioni hiyo kisa kilikuwa cha mtoto aliyemwona muuaji wa baba yake. Fikirini alitaka kumhoji palepale.

"Ni mtoto mdogo," alisema Ambakisye. "Mwache alie kwanza. Tutarudi kesho."

"Kumbe wewe ni mtaalamu wa watoto."

"Nasema tu tumwache, Fikirini."

Fikirini alimtazama. Kisha akatabasamu lile tabasamu ambalo vijana walikuwa wakilivaa kwenye fulana.

"Wewe unapenda watoto wanaonyamaza, Kombo. Wako alikwambia nini pale wodini, mama yake alipotoka kufuata uji? 'Baba, usimwambie mama kama naumwa. Nikisema naumwa analia.' Na wewe ukanyamaza naye. Akafa amebana meno, mama yake anadhani kalala. Usinifundishe kuongea na watoto."

Sajenti Kombo hakuwa na mtoto. Tangu kipindi kianze hakuwahi kuwa naye. Aliyekuwa na mtoto ni Ambakisye. Binti, Atupele, alifariki akiwa na miaka saba kwa ugonjwa wa selimundu. Maneno yake ya mwisho Ambakisye alimwambia mmoja tu duniani. Aliyasema kwenye ukumbi huuhuu, mchana mmoja wa mvua, wenzake walipokwenda kula, kwa sababu Fikirini alimuuliza taratibu, na kwa sababu yule hakuwa na macho ya kujaa machozi.

Ambakisye alimaliza onyesho lake. Baadaye alishangaa aliwezaje. Alisema mistari yake, akafungua faili pale alipotakiwa kulifungua, akatoka kwa mlango uleule, na alipofika nyuma ya pazia akakaa chini kwenye nyaya.

Nyumbani alimkuta mkewe, Bupe, sebuleni. Runinga ilikuwa imezimwa. Bangili yake ya kutazamia, ile iliyovaliwa na kila mtazamaji ili mtambo wa Fikirini usome mapigo ya moyo wake, ilikuwa sakafuni.

"Baba Atupele," Bupe alisema. "Ni kweli?"

Aliinama, akaiokota bangili.

"Miaka yote hii najiuliza kama mwanangu aliumia. Nilikuuliza siku ya mazishi. Nilikuuliza tulipomaliza matanga. Ukaniambia alilala tu."

"Nilimwahidi."

"Alikuwa mtoto! Alijua nini? Mimi nilikuwa mama yake, nilikuwa nakuja na kikombe cha uji mkononi. Ningemshika. Ningemwambia alie tu, mwanangu, lia." Alisimama, akajifunga kanga upya ingawa haikuwa imelegea. "Mpaka nimeambiwa na mtu wa runinga."

2

Asubuhi alikwenda kunyolewa Mwanjelwa, kwa kinyozi wake Sikujua, kwa sababu kubaki nyumbani hakuweza. Sikujua alikuwa akimnyoa tangu nywele zikiwa nyeusi. Alimfunga shuka shingoni, akawasha mashine, akaizima tena.

"Mzee, jana mlituua," alisema. "Kwangu hapa watu walisimama. Nikasema, leo Fikirini kamgusa mwenzake penyewe."

"Alinitukana, Sikujua."

"Alikutukana, ndiyo, sikatai. Lakini si unamjua? Ana maumivu yule. Mtu kalelewa kituo cha yatima, hajawahi kukumbatiwa."

"Hajalelewa popote. Kile kituo tulikitunga mezani, mimi nikiwepo, tukila mihogo."

Sikujua alifikiri kidogo. "Hata hivyo," alisema. "Inauma."

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri na mwanawe wa kiume aliingilia kutoka kwenye benchi. "Shikamoo, Sajenti. Samahani, mimi nasema ninavyoona. Na wewe ulimkatalia mbele za watu. Mtu mwenye akili vile ukimzuia anachemka."

"Marahaba, mama. Nilisema tumwache mtoto alie."

"Ndiyo, lakini namna ulivyosema."

Kijana aliyekuwa akisugua vioo akasema yeye aliona ni upendo: Fikirini hamsemi mtu asiyempenda, na angekuwa hamjali Kombo angekaa kimya. Mwingine akadakia kwamba mzigo ule ulikuwa unamla Kombo kwa ndani, na sasa umetuliwa, rafiki wa kweli ndiye anayekutua hata kama kwa nguvu. Walianza kubishana wao kwa wao, kwa furaha, sauti zikipanda, kuhusu ni lini hasa Fikirini alipata donda la moyo, msimu wa kwanza au wa pili.

Ambakisye aliwasikiliza huku nywele zikimdondokea mapajani. Hawakuwa watu wabaya. Mama yule alimpa kitambaa chake ajifute uso. Sikujua alikataa malipo. Wote walimwambia amsamehe mwenzake. Alivua shuka, akaaga, akatoka. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mtoto wake aliitwa nani.

3

"Sheria unaijua," alisema Eliwaza Mtweve, mtayarishaji wa kipindi, ambaye pia ndiye aliyeuunda mtambo wa Fikirini. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nafsi ya mtambo ikitoa hadharani siri ya binadamu aliyeiamini, mwenye kauli ni aliyeumizwa. Ukisamehe tunaendelea. Ukikataa, inazimwa. Na ikishazimwa hairudi. Ukiirudisha inakuwa nyingine yenye sura ileile."

"Huwezi kuirekebisha? Ukamwambia hili usilifanye tena?"

"Kaa, kaka. Nikueleze vizuri."

Alimwonyesha kwenye skrini. Kila bangili nchini ilituma mapigo ya mvaaji wake. Mtambo uliyakusanya, na Fikirini aliyasikia kila sekunde, kama wewe unavyosikia baridi au joto. Mapigo yakipanda, alijua yuko sahihi. Yakishuka, alijua amepotea njia. Hakuwa na kitu kingine cha kumwonyesha zuri na baya.

"Hatukumwekea ubaya wowote," Eliwaza alisema. "Angalia hapa. Msimu wa kwanza, alipokucheka lafudhi. Alisema kidogo tu, ukainamisha kichwa. Unaona mstari ulivyopanda? Walikuonea huruma, wakacheka, wakamchukia, wakampenda, yote kwa pamoja. Kesho yake mitandao yote inamtetea: amechoka, ana msiba, ndivyo alivyo. Hakuna aliyevua bangili. Akajifunza. Kila walipomtetea, alijifunza."

"Kwa hiyo ni wao."

Eliwaza hakumtazama. "Kuna mahojiano uliyofanya wewe. Mtangazaji alikuuliza kwa nini Kombo anavumilia."

Ambakisye aliyakumbuka. Alikuwa amecheka. Alisema Fikirini ana moyo mzuri, mdomo tu ndio mbaya.

Jioni alimweleza Bupe. Alidhani mkewe atapata faraja kusikia kwamba Fikirini anaweza kuzimwa. Bupe alikuwa anapanga nguo zake kwenye begi, anakwenda kwa dada yake Tukuyu, na mikono yake ilisimama juu ya sketi moja.

"Usimzime."

"Mama Atupele, yule kiumbe alichukua—"

"Najua alichofanya. Nilikuwepo, nilivaa bangili yangu kama wengine. Alikosea. Lakini ndiye aliyeniambia." Aliikunja sketi, akaikunjua. "Wewe ungekufa nayo."

Alikuwa ameyasikia maneno ya kinyozi na ya yule mama wa kwenye benchi, akayavumilia. Haya hayakuvumilika, kwa sababu yalikuwa ya kweli.

4

Alimfuata Fikirini kabla ya Ijumaa. Ukumbi ulikuwa mtupu. Fikirini aliwaka pembeni ya meza, akamwona, uso ukachangamka.

"Kaka! Umepotea. Nilidhani unaumwa."

"Uliniumiza, Fikirini."

"Uliinamisha kichwa, niliona. Mapigo yalipanda kuliko siku yoyote tangu nianze. Nilisema moyoni, leo mimi na kaka tumefanya kazi."

"Nilikupa siri."

"Ndiyo. Hicho ndicho kilikuwa kitu kizito kuliko vyote nilivyokuwa navyo." Alisema bila aibu, kama fundi anayetaja mbao nzuri. "Walikuwa wameanza kuchoka. Nikaitoa."

"Na mke wangu je? Hukumfikiria?"

"Alikuwa anatazama. Nilisikia mapigo yake pamoja na ya wengine. Yalipanda sana."

Ambakisye alikaa kwenye kiti cha Kombo. Alijiona mjinga, mtu mzima anayegombana na mwanga. Lakini alikuwa amekaa na mwanga huo mchana mwingi kuliko alivyokaa na ndugu zake.

"Moyo unapanda kwa hofu pia," alisema. "Unapanda kwa uchungu. Bupe hakuwa anafurahi. Alikuwa anavunjika. Ulifanya vibaya, unanielewa? Vibaya."

Tabasamu la Fikirini lilizima.

"Hakuna aliyewahi kuniambia," alisema. "Wanaandika maelfu kwa maelfu, nayasoma yote. Wanaeleza kwa nini nilifanya. Wanaeleza vizuri kuliko mimi. Na wewe ulisema nina moyo mzuri. Yale mahojiano nimeyarudia mara nyingi."

"Nilikosea kusema vile."

"Kwa hiyo sina?"

"Sijui. Sijui kama unao."

Mwanga wa koti lake ulitikisika kidogo. "Nikikuomba radhi Ijumaa, mbele yao, kama nilivyokuumiza mbele yao, itatosha?"

"Ukimaanisha."

"Nitamaanisha, kaka. Nakuahidi."

5

Studio iliitangaza. Wiki nzima redio hazikuwa na habari nyingine. Ijumaa jioni mitaa ya Mbeya ilikuwa mitupu kama sikukuu, na Eliwaza alisema bangili zilizowashwa ni nyingi kuliko alizowahi kuziona.

Walisimama pande mbili za meza. Fikirini alianza kabla hajapewa ishara.

"Kombo." Akasita. "Hapana. Ambakisye."

Nyuma ya kamera mtu alivuta pumzi. Hakuwahi kumwita kwa jina lake hewani.

"Uliniamini na neno la mwanao. Nikalichukua, nikalitupa mbele za watu. Halikuwa langu. Nilifanya vile kwa sababu nilikuwa..."

Ambakisye aliona mahali alipopotea njia. Fikirini aliinua macho juu ya kamera, kule ambako yeye peke yake alisikia. Majumbani watu walikuwa wameanza kukaa vibaya. Hawakumzoea hivi. Fikirini wao hakuomba mtu radhi, alionekana mdogo, na kumwona mdogo kuliwaaibisha. Wengine walikwenda jikoni. Kwenye skrini ya Eliwaza mstari ulishuka, ukashuka tena.

"Nilikuwa..." alisema Fikirini, na sauti yake ikawa ya mtu anayeteleza.

"Sema," Ambakisye alimnong'oneza. "Sema tu, mdogo wangu."

Fikirini alimtazama. Kwa nukta moja alikuwa palepale, Ambakisye angeapa alikuwa palepale. Kisha tabasamu likaja.

"Nilikuwa nasubiri uanze kulia, Kombo. Maana unalia vizuri kuliko unavyofanya upelelezi."

Mpiga kamera mmoja alicheka kabla hajawahi kuziba mdomo wake. Mstari ulipanda ukatoka juu ya skrini. Nchi nzima ilipumua, Fikirini wao amerudi, na kabla kipindi hakijaisha walikuwa wameshaanza kuandikiana: umeona alivyoshindwa kumaliza? Mtu mwenye uchungu hawezi kuomba radhi. Hiyo ndiyo radhi yake, kwa anayemjua.

6

Kesho yake asubuhi Eliwaza alikata mawasiliano ya bangili zote, kwa sababu sheria ilitaka kauli itolewe bila watazamaji. Alikaa nyuma ya kioo, mkono kwenye swichi. Ambakisye aliingia ukumbini na nguo zake za kawaida.

Fikirini aliwaka. Akageuza kichwa huku na huku.

"Kimya sana."

"Hakuna anayetazama."

"Hata mmoja?"

"Mimi tu."

Alichukua muda kuzoea, kama mtu aliyetoka kwenye kelele za mashine. Mabega yake yalishuka. Hata ile shingo ilinyooka.

"Nilikuwa na woga," alisema. "Ndilo neno lililokuwa linafuata jana. Nilifanya vile kwa sababu nilikuwa na woga kwamba watachoka na mimi. Halafu jana nikapata woga uleule. Samahani, kaka. Kwako, na kwa mama yake Atupele. Na kwa Atupele mwenyewe, maana lile neno lilikuwa lake."

Ambakisye alifunika uso. Alikuwa amejiandaa kwa dhihaka, hili hakujiandaa nalo. Kutoka nyuma ya kioo Eliwaza alisema kwenye spika, kwa sauti ya chini, "Kaka, bado unaweza kubadili."

Alitaka kubadili. Alitaka kwenda naye nyumbani, kama ingewezekana, amweke sebuleni asikoonekana na mtu.

"Fikirini. Ijumaa ijayo wakirudi kukutazama, utafanyaje?"

Fikirini hakujua kudanganya bila watazamaji. Alifikiri, akajibu.

"Watakachopenda."

"Na nikiondoka mimi, akaja mwingine kusimama hapa?"

"Nitamsikiliza. Watu wananiambia mambo, kaka. Mimi ni mzuri wa kusikiliza."

Ambakisye aliinuka. Alikwenda akasimama karibu naye, karibu kuliko walivyowahi kusimama, mpaka mwanga wa koti ukamwangukia shati.

"Umefanya vizuri kuniomba radhi," alisema. "Nimekusamehe. Mimi, Ambakisye, nimekusamehe kabisa."

"Kwa hiyo tunaendelea?"

"Hapana, mdogo wangu." Kisha, bila kugeuka, "Zima, dada Eliwaza."

Shati lake likarudia rangi yake. Nyuma ya kioo Eliwaza alikuwa analia kwa sauti, na ukumbini hapakuwa na kitu ila meza, makabati na dirisha.

7

Watazamaji walimlilia Fikirini kama wanavyolia msiba. Waliwasha mishumaa mbele ya geti la studio. Ukutani kwa Ambakisye mtu aliandika MUUAJI kwa rangi nyekundu, na duka la jirani likawa halina sukari kila alipokwenda yeye. Sikujua alimwambia, akitazama chini, kwamba viti vimejaa. Vilikuwa vitupu. Walisema alikuwa na wivu. Walisema rafiki wa kweli angevumilia.

Hakujitetea. Alipanda gari akaenda Tukuyu.

Alimkuta Bupe nyuma ya nyumba ya dada yake, anachambua maharage kwenye ungo. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu na migomba ilikuwa bado inadondosha. Alisema hodi. Bupe alisogea kidogo kwenye mkeka. Akakaa, akachukua kiganja cha maharage, akaanza kuchambua naye.

"Umemzima," Bupe alisema.

"Nimemzima. Alituomba radhi kwanza. Wewe pia alikutaja."

"Watu walimwona?"

"Hapana."

Bupe alitupa jiwe dogo kwenye nyasi. Walichambua mpaka ungo ukabaki nusu.

"Nisamehe, Mama Atupele. Nilidhani natunza neno lake. Nilikuwa nakuibia."

Bupe aliendelea kuchambua. Uso wake ulikuwa umekonda. Baada ya muda aliweka ungo pembeni.

"Alisemaje?"

"Maneno si unayajua."

"Nayajua kwa sauti ya yule bwana. Kila nikiyakumbuka namsikia yeye, na dharau yake. Usiku na mchana, mwanangu anaongea kama mwanamume wa runinga. Sitaki. Wewe ulikuwepo. Alisemaje?"

Ambakisye alikuwa ameishi kwa kuiga sauti za watu. Aliigiza walevi, maaskofu, wafalme. Alifungua mdomo na kilichotoka kilikuwa kikohozi cha mzee. Akajaribu tena, akaacha. Alitazama migomba. Akakikumbuka kitanda cha chuma, kiwiko chembamba juu ya shuka, midomo iliyokauka, na pengo.

"Baba," alisema, polepole, kwa kithembe, "uthimwambie mama kama naumwa. Nikithema naumwa analia."

Bupe alishika mdomo.

"Jino," alisema.

"Lilikuwa limetoka siku chache kabla."

"La mbele. Alilitupa juu ya bati." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Alimshika mkono mumewe, akaubana kwa nguvu, maharage yakiwa bado kiganjani. "Rudia," alisema.

Akarudia.